Njia ya Pili ya Buleusa

Watu wa Buleusa walikuwa na desturi ya kumpigia Myriam makofi. Akitokea tu kwenye kona ya mwisho, matope mpaka kwenye nyusi, pikipiki ikikohoa chini yake, watoto walianza kupiga kelele, "Rezo imefika! Rezo imefika!" na akina mama waliokaa kwenye kibaraza cha kituo cha afya walisimama wote. Yeye alivua kofia yake ya pikipiki taratibu, kama mtu asiyejua kwamba anatazamwa. Alijua sana.

Myriam Umuhoza alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Alizaliwa Kirolirwe, katika milima ya majani ya Masisi ambako ng'ombe wanatangulia watu barabarani, akasoma ufundi Goma, kisha akarudi na kupewa kazi ambayo hata mama yake hakuweza kuwaeleza majirani vizuri: kulinda mtandao wa vituo vya afya.

Mtandao wenyewe, ambao watu waliuita rezo, mtu akiuona kwa macho, haukuwa wa ajabu. Juu ya mlima kuna mlingoti, juu ya mlingoti kuna sahani nyeupe, na sahani hiyo inatazamana na mwenzake aliye juu ya mlima wa mbali. Sauti na picha zinaruka kutoka sahani moja hadi nyingine, mlima kwa mlima, juu ya mabonde ambayo mtu wa miguu anayavuka siku nzima. Hivyo ndivyo hospitali ya Walikale, kule chini msituni, ilivyounganishwa na Kirolirwe, na Kirolirwe ikaunganishwa na Buleusa. Muuguzi wa Buleusa akipata mgonjwa aliyemshinda, anafungua kompyuta, na Daktari Élysée aliyeko Walikale anamtazama mgonjwa kana kwamba wako chumba kimoja.

Ila kila neno la Buleusa lilipitia Kirolirwe kwanza. Kati ya Buleusa na Walikale moja kwa moja hapakuwa na kitu, ni miti tu na mawingu.

Basi kila rezo ilipokatika, Myriam alikimbia. Radi ikipiga, anakimbia. Panya wakila waya, anakimbia. Mkuu wake, Papa Symphorien, mtu wa Walikale aliyevaa tai hata joto la msitu likiwa limewavua wengine mashati, aliandika ukutani kwa chaki masaa aliyotumia katika kila matengenezo. "Masaa kumi na tisa!" alisema akigonga ukuta kwa kidole. "Mutu aende Buleusa kwa masaa kumi na tisa, na barabara ile! Myriam, weye uko ndege." Na Myriam alitazama ile chaki na kusikia utamu kifuani. Hakumwambia mtu, lakini siku ambazo hakuna kilichokatika zilimchosha.

Kisha ng'ombe wa Papa Sebarenzi akapata upele.

Ilikuwa mwezi wa tatu, mvua ikinyesha bila kupumzika. Myriam alikuwa Walikale kuchukua vipuri, na Buleusa ikanyamaza. Barabara ilikuwa imeoza. Pikipiki ilibebwa mara mbili juu ya mabega ya watu, mara moja ikavushwa mto kwa mtumbwi. Siku tatu. Alipofika kwenye malisho ya juu ya Kirolirwe, akakuta mlingoti umesimama vizuri, waya ni wazima, betri imejaa, taa zinawaka, na ng'ombe mmoja mwekundu mwenye pembe pana akijisugua shingo kwenye chuma cha mlingoti, amefumba macho kwa raha.

"Iko na upele huyu," alisema Papa Sebarenzi, mwenye ng'ombe, akiegemea fimbo yake. "Tangu siku tatu ameupenda mulingoti wako, Mama Rezo. Ananikataza hata kumukamua, anakimbilia hapa tu."

Mlingoti ulikuwa umezunguka kidogo, upana wa kidole kimoja. Lakini kidole kimoja hapa ni mlima mzima kule mbele. Sahani iliyopaswa kutazama Buleusa ilikuwa ikitazama msitu mtupu. Myriam alilegeza parafujo nne, akaugeuza, akakaza. Dakika kumi. Aliketi kwenye majani akacheka, Papa Sebarenzi naye akacheka, na ng'ombe akaendelea kungoja wamalize.

Alikwenda Buleusa kuhakikisha. Akapokewa kama kawaida, makofi na kelele. Ni mtu mmoja tu hakupiga makofi: Falone, muuguzi wa kituo, mwanamke mwembamba wa maneno machache. Alimngojea ndani, mikono ameikunja.

"Karibu, dada Myriam. Kaa."

Myriam akakaa.

"Siku rezo imekatika, baliniletea mama mumoja na homa kali, anatetemeka mupaka kitanda kinatembea. Sikujua iko nini. Nikafungua kompyuta, hakuna kitu, simu nayo kimya, sababu inapita mu rezo ileile. Nikangoja asubui mupaka jioni. Kisha nikasema, bamubebe. Vijana nane balimubeba mu kipoyi, kitanda cha mabega, siku mbili, mu mvua, mupaka fasi gari inafika. Amepona, tunashukuru Mungu. Sasa jana rezo imerudi, nikamwelezea Docta Élysée. Unajua ananiambia nini?" Falone aliinuka, akafungua kabati lake la mbao, akatoa kichupa kidogo, akakiweka mezani mbele ya Myriam. "Dawa ilikuwa hapa. Mu kabati yangu. Ingemuomba Docta dakika tatu kunielezea."

Myriam alikichukua kichupa, akasoma jina la dawa.

"Zamani hatukukuwa na rezo," Falone aliendelea, sauti imeshuka, "na tulijua hatuna, tukajipanga. Sasa mumetuzoesha. Tunawategemea. Mimi sina kasirani na weye, unakimbia sana, kila mutu anaona. Lakini mama yule hakuwa na haja ya mutu mwenye kukimbia. Alikuwa na haja ya Docta."

Njia nzima ya kurudi, maneno hayo yalikaa nyuma ya Myriam kwenye pikipiki kama abiria. Alipumzika juu ya kilele, akazima injini. Juu ya tangi la pikipiki kulikuwa na vumbi la udongo lililokauka, na kwa kidole chake akachora nukta tatu: Walikale, Kirolirwe, Buleusa. Akachora mstari kutoka Walikale hadi Kirolirwe. Akachora wa pili, Kirolirwe hadi Buleusa. Akakaa akiitazama ile pembe iliyo wazi. Kisha akachora wa tatu, Buleusa hadi Walikale, na umbo likafungika.

Likifungika, ng'ombe wote wa Masisi wangeweza kujikuna wanavyotaka. Upande mmoja ukikatika, maneno yangezunguka kwa upande mwingine. Hakuna ambaye angengoja. Hakuna ambaye angemngoja yeye.

Hilo la mwisho lilimchoma kidogo, na akaona haya kwamba limemchoma. Akawasha pikipiki.

Papa Symphorien alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akatazama ukuta wake wa chaki. "Njia ya pili ya nini, na fundi ninaye? Ya kwanza iko inatosha. Ikikatika, unaenda."

"Papa, siku nikiwa mugonjwa?"

"Haujawahi kuwa mugonjwa."

"Siku daraja likiwa hakuna?"

Symphorien alilegeza tai. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyependa ukuta wake. "Mu depo kuna sahani nne za zamani na paneli za jua," alisema hatimaye. "Ukipata mulima wenye kuona pande zote mbili, chukua. Lakini huo mulima hauko. Mafundi ba mbele yako balitafuta."

Ulikuwepo. Ilimchukua Myriam wiki mbili kuupata, akipanda na kushuka na darubini shingoni, mpaka akafika pembezoni kabisa mwa Masisi, pale milima inapochoka kuwa milima na kuanza kuteremka kwenye msitu wa Walikale. Juu ya kilele cha mwisho kulikuwa na shamba la maharagi, na ndani ya shamba mwanamke mwenye zaidi ya miaka sitini, kitambaa cha njano kichwani, akilima kwa mapigo mafupi ya hasira. Aliitwa Mama Mukamurenzi. Familia yake ililima kilele hicho tangu babu wa babu yake. Myriam aligeuza darubini kaskazini, akaona mabati ya Buleusa yakimetameta. Akaigeuza magharibi, akaona bahari ya miti na, mbali sana, ukungu unaokaa juu ya mto wa Walikale. Pande zote mbili!

"Jambo, Mama."

"Jambo. Ukikanyaga maharagi yangu utajua mimi njo nani."

Myriam aliinua mguu. Akaeleza shida yake akiwa amesimama kwa mguu mmoja.

"Hapana," alisema Mama Mukamurenzi, bila kuacha kulima. "Batu ba proje, benye miradi, balikwisha kuya hapa. Balisimamisha chuma, balipiga picha na miye nacheka, balienda. Chuma kikaanguka juu ya mihogo yangu. Hapana."

"Hii si proje, Mama. Iko njia. Maneno ya Buleusa yana njia moja tu ya kufika kwa Docta. Ikikatika, batu banateseka."

Jembe likasimama. "Moja?"

"Moja."

"Miye hapa, kwa kushuka kisimani tu, niko na njia mbili. Ile ya mawe na ile ya migomba. Mvua ikikula moja napita ingine." Mama Mukamurenzi alimtazama tangu kofia mpaka viatu. "Weye umesoma?"

"Nimesoma, Mama."

"Na balikufundisha kujenga njia moja?"

Myriam aliyumba kwenye mguu wake mmoja.

"Shusha mguu, utaanguka," alisema mama. "Ninataka kitu kimoja. Hicho chuma nitakilinda miye. Lakini sitalinda kitu sikijui. Utanionyesha kila waya inaenda wapi."

Ndivyo ilivyoanza kazi ambayo Myriam aliipenda kuliko zote alizowahi kufanya. Sahani moja aliifunga kwanza Walikale, juu ya paa la hospitali, na betri zikapanda mlima kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, vijana wanne wakisukuma na mmoja akiimba mbele. Waimbaji wa kwaya ya akina mama wa kanisa walibeba vipande vya mlingoti vichwani, kila mmoja chake, na kwa kuwa walikuwa wakijiandaa kwa sikukuu, walipanda wakiimba sauti nne, ikawa kama mlingoti unapelekwa kwenye harusi. Mama Mukamurenzi alionyesha mahali pa kuchimba: pembeni, kwenye mwamba, si katikati ya maharagi. Kwa siku nne alijifunza. Alijifunza nyaya kwa rangi. Alijifunza kugeuza sahani polepole huku Myriam akisoma namba kwenye kompyuta, kushoto kidogo, kulia kidogo, na siku alipoikamata Walikale kwa mkono wake mwenyewe, namba ikapanda ghafla, alitupa kitambaa chake hewani.

Kutoka hapo Myriam alikwenda Buleusa kufunga sahani ya upande wa pili. Alikuwa amekwisha kupanda mlingoti wa zamani na kuanza kuifunga chini ya ile ya kwanza, Falone alipotoka nje, akaweka mkono juu ya macho kukinga jua.

"Dada Myriam. Zote mbili juu ya mulingoti moja?"

"Ndiyo."

"Na batri moja?"

Myriam aliacha kukaza parafujo.

"Sasa batri ikikufa?" aliuliza Falone. "Ao upepo ukiangusha mulingoti? Nitakuwa na njia mbili zenye kulala chini pamoja?"

Myriam akashuka. Alikasirika kwa muda wa kushuka tu. Alipogusa ardhi alikuwa anacheka. Sahani ya pili wakaifunga upande wa pili wa kijiji, kwenye paa la shule, na paneli yake na betri yake, na waya wake ukafika kwa Falone kwa njia yake ukipita nyuma ya nyumba, mbali na ule wa kwanza.

Siku ya kujaribu, Buleusa nzima ilikuja. Falone aliketi mbele ya kompyuta akizungumza na Daktari Élysée, uso wa daktari umejaa kwenye kioo. Papa Sebarenzi alikuwa amesimama kando ya mlingoti wa Kirolirwe, simu sikioni, akingoja amri.

"Papa, zima!" alisema Myriam.

Uso wa daktari ukaganda. Wakangoja. Ukabaki umeganda. Mtoto mmoja akaanza kucheka, mama yake akamfinya. Dakika moja. Dakika tano. Njia ya pili ilikuwa pale, nzima, imefunguliwa, na hakuna neno hata moja lililopita. Myriam alisikia masikio yake yakiwaka moto. Watu wakaanza kutawanyika kwa heshima, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kama wangemzomea.

Alikaa siku mbili na mashine hizo. Siku ya pili mchana akaelewa. Mashine ya Buleusa ilikuwa ikitazama waya wake wenyewe tu: waya mzima, taa inawaka, basi njia ni nzima. Haikujua kwamba mbele kule, Kirolirwe, mtu amezima. Iliendelea kutuma maneno kwenye shimo. Alimpigia Mama Mukamurenzi kumweleza kwa nini atachelewa kurudi.

"Kwani hazisalimiane?" aliuliza mama.

"Nani?"

"Mashine. Miye na Byukusenge wa mulima wa mbele tunapungiana mukono kila asubui tukienda shamba. Siku haniinulii mukono, natuma mutu kuangalia. Siangalii kama mukono wangu miye iko muzima, naangalia wake!"

Myriam alicheka sana, kisha akaacha kucheka, kwa sababu ndivyo hasa ilivyopaswa kuwa, na ndivyo vitabu vyake vya shule vilivyosema kwa maneno magumu zaidi. Akazipanga mashine upya. Kila sekunde, mashine ya Buleusa ingetuma salamu mpaka Walikale kwenyewe, si mpaka kwa jirani tu, na kungoja kuitikiwa. Salamu tatu zikikosa jibu, isiulize zaidi, igeuke ipite njia nyingine. Na ile njia ya kwanza iendelee kusalimiwa kila mara, ili ikifufuka ijulikane.

Mara ya pili hakuita watu. Walikuwa yeye, Falone na daktari kwenye kioo. Papa Sebarenzi akazima. Daktari akaganda, moja, mbili, tatu, na akaendelea na sentensi yake. "...kwa hiyo ule mutoto mumupe maji mengi. Munaniangalia vile kwa nini?"

Falone alimkumbatia Myriam. Kwa mtu wa maneno machache, alimkumbatia muda mrefu.

Ikapita miezi mitano. Hakuna aliyempigia simu. Myriam alifanya kazi ndogondogo, alikata majani chini ya milingoti, alimsaidia mama yake kupalilia. Huko Walikale ukuta wa Papa Symphorien ulibaki bila chaki. Kuna siku alijikuta amekaa na simu mkononi, akingoja kuitwa, na akajiuliza kama bado ni fundi.

Mwezi wa kumi alipanda kwa Mama Mukamurenzi kumsaidia kupiga maharagi. Maganda makavu yalitandazwa juu ya mikeka, na wao wawili waliyapiga kwa fimbo, kila mmoja upande wake, vumbi likipanda. Mchana mawingu meusi yalitanda upande wa Kirolirwe. Kwao jua lilikuwa linawaka bado, ila walisikia ngurumo ndefu, si ya mbinguni, ya chini, kama gari kubwa linamwaga mawe.

"Mulima umeshuka fasi moja kule," alisema Mama Mukamurenzi. Wakaendelea kupiga maharagi.

Haikupita dakika mama akasimama, fimbo juu. Alikuwa anatazama kisanduku kilichofungwa kwenye mlingoti. Kina taa ndogo ya kijani ambayo siku zote hupepesa polepole, mara moja, kisha kimya, mara moja, kisha kimya: zile salamu tu. Sasa ilikuwa inapepesa haraka hata haikuonekana kuzimika.

"Myriam. Iko na homa."

Myriam alitupa fimbo, akafungua kompyuta magotini juu ya mkeka, maharagi yakimchoma miguu. Upande wa Kirolirwe: salamu hazijibiwi. Mlingoti wa katikati haupo tena. Na hapa, kupitia mwamba huu, kupitia waya uliofungwa na mkono wa mama huyu, yalikuwa yanapita maneno yote ya Buleusa, mengi, mazito, bila kukatika. Ni picha. Kuna mtu Buleusa alikuwa akizungumza na daktari wakati huohuo.

"Ni nani?" alinong'ona Mama Mukamurenzi.

"Sijui. Siwezi kuona ndani. Naona tu kwamba inapita."

"Tumupigie Falone?"

Myriam alishika simu, akaiweka chini. "Hapana. Tusimusumbue."

Wakaketi. Wanawake wawili juu ya mkeka wa maharagi, wakitazama taa ya ukubwa wa punje. Mama Mukamurenzi alitoa mkono akaukamata wa Myriam, na mkono wa mama ulikuwa mgumu kama mpini. Dakika arobaini hawakuondoa macho kwenye taa. Kisha taa ikatulia.

Simu ya Myriam ililia. Falone, kwa video, jasho linamtiririka, kitambaa chake cha kichwani kimegeukia sikioni, anacheka meno yote nje. Falone huyohuyo.

"Dada Myriam! Angalia!" Kioo kikayumba, kikaonyesha paa, kikaonyesha mguu wa kitanda, kisha watoto wawili waliofungwa kwenye kitenge kimoja, nyuso nyekundu zimekunjamana kwa hasira. "Mapacha ya Mama Anne! Wa kwanza alitoka mwenyewe, bila shida. Wa pili akakuya na matako! Peke yangu, dada, sijawahi! Nikasema kwa Docta, nivute? Docta akalia kama simba: usivute! Acha mama asukume. Fungia kitambaa kwenye kiuno ya mutoto, shika hapo tu, ngoja uone mabega. Nikangoja. Sasa inua. Polepole. Nikainua. Na kichwa kikatoka, na akalia! Analia mupaka sasa, unasikia?"

Walimsikia. Kilele kizima kilimsikia.

"Falone," alisema Myriam, "rezo ilikuwaje?"

"Rezo? Rezo iko bien, iko muzuri. Kwa nini?"

"Hakuna fasi picha ilisimama?"

Falone alikunja uso akifikiri. "Mmm. Docta aligandama kidogo, mudomo wazi. Wa kwanza alikuwa ametoka tu. Nilifikiri anawaza."

Mama Mukamurenzi alipiga vigelegele. Alivipiga akiwa ameketi, kisha akasimama akavipiga tena, akielekea Buleusa, kisha akageuka akavielekeza Walikale, na kutoka mlima wa mbele Byukusenge, ambaye hakujua ni vya nini, akavijibu. Kwenye kioo Falone alikuwa anauliza kuna nini, kuna nini huko. Myriam hakuweza kumweleza. Alikuwa analia na kucheka, amelala chali juu ya maharagi ya watu. Furaha hii hakuwahi kuijua kwenye makofi yoyote. Ilikuwa kubwa na haikuwa na shahidi isipokuwa mama mmoja mwenye kitambaa cha njano.

Kisha mazoea yakamshika. Aliruka, akatafuta viatu, akatafuta kofia, mkono mmoja tayari kwenye pikipiki.

"Unakimbilia wapi?" aliuliza mama.

"Mulingoti umeanguka, Mama! Lazima niende..."

"Kuna mutu anakungoja kule?"

Myriam alifikiri. Alifikiri kwa uaminifu kabisa. "Hapana."

"Basi kula kwanza."

Akala. Bugali, sombe ya majani ya mihogo, na maharagi mapya yaliyopikwa na mafuta mekundu ya Walikale. Alilala huko, akaondoka asubuhi jua likiwa juu. Njiani alisimama kununua jibini, akasimama tena kusikiliza kwaya ikifanya mazoezi kanisani, akakaa mpaka wimbo ukaisha. Siku ya tatu ndipo alipofika kwenye maporomoko. Nusu ya mteremko ilikuwa imeshuka na kulala bondeni, na mlingoti umelala juu yake, sahani ikitazama mbingu. Alichagua mwamba mpya, mbali na udongo mlegevu, akaanza kuchimba huku akipiga mluzi.

Mtu mmoja alipita akielekea sokoni, kuku wawili chini ya kwapa. Akasimama kumtazama.

"Dada, kazi. Unapanda nini hapo?"

"Natengeneza rezo, kaka."

"Ilikatika?"

"Iko siku ya tatu leo."

Mtu yule alibadilisha kuku kwapa. "Ah, hapana, weye. Juzi mutoto wa dada yangu amezaliwa Buleusa, na Docta wa Walikale aliona kila kitu. Na ni mu hiyo rezo. Mapacha! Mimi njo mujomba, hawa kuku wanaenda kuuzwa tununue shuka." Alimtazama Myriam kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu aliyepewa habari za uongo. "Balikudanganya, dada. Haikukatika hata kidogo."

Myriam alishikilia mpini wa sururu kwa mikono miwili ili asianguke kwa kicheko. Mjomba wa mapacha alimngoja amalize, na alipoona hamalizi, akawaweka kuku chini, miguu yao imefungwa, akavua koti, akaja kumsaidia kuuinua mlingoti.